Chujio la maji la nyumbani: lipi halitakufilisi kwa vipuri?

Chini ya sinki langu kuna chujio la maji jeupe, zuri kwa macho, ambalo halijatoa hata glasi moja tangu mwaka juzi. Halijavunjika. Ukilichomeka kwenye umeme, taa yake ya bluu inawaka kama kawaida. Kilichoisha ni katriji, kile kichujio cha ndani cha kubadilisha, kitu kidogo kama chupa ya soda, chenye mdomo wa aina yake usioingiliana na kitu kingine chochote. Nilizunguka nayo Kariakoo siku nzima nikiwa nimeifunga kwenye gazeti. Kijana wa duka moja la vifaa vya mabomba aliigeuzageuza, akaipuliza, akanirudishia. "Hii mpaka uagize, bosi." Nilipouliza gharama ya kuagiza, ilikuwa imebaki kidogo tu ifike bei ya chujio zima.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue chujio gani, simuulizi ana shilingi ngapi. Namuuliza maji yake yanatoka wapi, halafu namuuliza kitakachoisha kwanza ni nini na atakipata duka gani. Bei ya dukani ni kiingilio tu.

Kwetu tuna nyumba tatu na maji ya aina tatu, kwa hiyo nimelazimika kujifunza. Mimi niko Dar, Tegeta: bomba la DAWASA, na likikatika kuna kisima cha uani chenye chumvi ya kutosha kupikia ugali bila kuongeza. Mama yuko Usa River, chini ya Mlima Meru, kwenye maji yenye floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Dada yangu ameolewa Ukerewe, anachota ziwani. Chujio linalomfaa mmoja wetu ni pambo kwa mwingine.

Hesabu kabla ya duka

Chukua familia ya watu sita, maji ya kunywa tu, lita 15 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 5,475. Bei ninazoweka hapa ni za mfano. Badilisha uweke za mtaani kwenu, utaona mpangilio wenyewe hauyumbi sana.

Katriji ya shilingi 45,000 iliyoandikwa lita 1,500 inakupa siku 100, basi. Kwa mwaka ni karibu 164,000, yaani shilingi 30 kila lita. Mishumaa miwili ya kauri (ni vichujio, nitavieleza hapa chini) ya 25,000 kila mmoja, ukiibadilisha kila mwaka, inatoka shilingi 9 kwa lita. Kidonge cha klorini cha shilingi 100 kinachotibu ndoo ya lita 20: shilingi 5. Dumu la lita 20 la kununua kwa 3,000: shilingi 150 kwa lita, zaidi ya laki nane kwa mwaka.

Kuchemsha ndiko kunakoshangaza watu, kwa sababu mkaa tunauhesabu kwenye chakula. Kupandisha lita 15 kutoka joto la kawaida mpaka zitokote kwa jiko la mkaa la kawaida kunakula kama theluthi mbili ya kilo ya mkaa. Kilo ikiwa 1,000, hiyo ni 650 kwa siku, shilingi 43 kwa lita. Kuchemsha ni ghali kuliko katriji iliyonikera! Ila mkaa unaununua kidogo kidogo, kopo kwa kopo, na katriji inakudai kwa mkupuo mmoja mwezi ambao ada ya shule nayo inadai. Mbunifu wa chujio asiyeelewa jambo hilo hajawahi kuishi kwa kopo.

Kauri: mshumaa na chungu

Naanza na hii kwa sababu ndiyo ninayoipenda, nisifiche. Mshumaa ni silinda nyeupe ya kauri iliyo wazi ndani, imefumbwa juu, chini ina shingo yenye skrubu. Unatoboa ndoo ya juu, unafunga mshumaa kwa nati na wosha mbili za mpira, unaipandisha juu ya ndoo ya chini yenye koki. Maji yanapenya ukutani taratibu, uchafu na bakteria wanabaki nje. Kampuni ya Doulton ya London ilikuwa ikiuza machujio ya kauri tangu karne ya 19, na kazi yenyewe haijabadilika sana toka wakati huo. Jambo hilo pekee linakuambia kitu kuhusu vipuri: shingo ya mshumaa wa leo unaweza kukuta inaingia kwenye ndoo ya bibi.

Kuutunza ni hivi. Maji yakianza kutoka kwa kudondoka, unautoa mshumaa, unausugua kwa sponji ngumu kidogo chini ya maji safi, bila sabuni. Utaona tope la kahawia linateremka na weupe unarudi kama jino lililopigwa mswaki. Chini ya dakika tano. Lakini kila unaposugua unakula unene wake. Mishumaa mizuri huja na kipimo cha plastiki chenye mdomo: siku kipimo kikipita kwenye kiuno cha mshumaa bila kukwama, umekwisha, nunua mwingine. Hicho kipimo ndicho kipande cha ubunifu ninachokisifu kuliko taa zote za bluu, maana hakina betri na hakidanganyi.

Hatari ya kauri ni ufa usioonekana. Kuupima hakuna gharama: lowesha mshumaa vizuri, uzamishe kwenye beseni, puliza kwa mdomo kupitia shingo. Mzima hautoi povu. Ukiona mkondo wa mapovu unatoka sehemu moja, pale pana ufa, na maji yako yamekuwa yakipita hapo bila kuchujwa. Nyufa nyingi huanzia shingoni, kwa sababu mtu amekaza nati kwa spana. Nati hiyo ni ya kukazwa kwa vidole.

Jambo lingine la kuuliza dukani: ndani ya mshumaa mna mkaa amilifu au ni mtupu? Wenye mkaa unaondoa harufu ya klorini na ladha, lakini mkaa huchoka baada ya miezi kadhaa hata kama kauri bado nene. Kwa hiyo unatupa kauri nzima kwa ajili ya mkaa. Kama maji yako hayana harufu, chukua mtupu, utasugua mpaka kipimo kiseme.

Chungu cha kauri ni ndugu yake wa kijijini. Mwaka 1981 huko Guatemala, Fernando Mazariegos alikuja na chungu cha udongo uliochanganywa na unga wa mbao au pumba laini. Kikichomwa tanuruni, pumba zinaungua na kuacha matundu madogo mno, kisha chungu kinapakwa madini ya fedha ili kudhoofisha bakteria. Baadaye Ron Rivera na shirika la Potters for Peace walikisambaza nchi nyingi, na Afrika Mashariki nako vinafinyangwa. Kinakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko na koki, kinatoa kama lita moja mpaka tatu kwa saa. Uzuri wake ni kwamba kipuri kinatengenezwa na mfinyanzi, na mfinyanzi anaweza kuwa wa wilaya yako. Ubaya: kinavunjika, na karibu kila mara kinavunjikia mikononi mwa anayekiosha. Na kama umenunua kipya kikatoa maji kama bomba, usifurahi. Kirudishe, kina ufa.

Kauri zote zina udhaifu mmoja: virusi ni vidogo kuliko matundu yake. Mahali penye homa ya ini ya aina A, au mtoto mchanga nyumbani, tone la klorini kwenye ndoo ya chini linamaliza kazi.

Mchanga

Chujio la mchanga la nyumbani lilibuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni sanduku la zege lenye kokoto chini, mchanga juu, na bomba la kutolea maji lililopandishwa ili kila mara maji yabaki kama sentimita 5 juu ya mchanga. Humo juu huota utando hai wa vijidudu wanaokula vijidudu wenzao. Utando huo unahitaji wiki mbili mpaka nne kukomaa, na ukikauka umekufa. Ukimwagia maji yenye klorini kwa juu umeuua pia; klorini inawekwa kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa.

Kwa gharama ya kuendesha, hakuna anayelishinda: halina kipuri. Likipunguza kasi unatia mkono, unavuruga mchanga wa juu kwa kuzungusha kiganja, unachota maji machafu kwa kikombe, unarudia mara mbili tatu. Utando unajijenga tena siku zinazofuata.

Lakini lina zaidi ya kilo mia likijaa, na ukilisogeza mchanga unajipanga vibaya. Mpangaji asilifikirie. Na mchanga wake si wa kuokota popote: mawe ya kusagwa, yamechekechwa, yameoshwa. Mchanga wa ufukweni umejaa chumvi na mabaki ya viumbe. Niliwahi kuona moja uani kwa watu, wamepandia maua. Walihama nyumba, wakaliacha, mwenye nyumba akaona ni chungu kikubwa.

Nyuzi zenye matundu

Hapa maji hupita kwenye mafungu ya nyuzi za plastiki mfano wa tambi nyembamba zilizo wazi ndani. LifeStraw Family ndiyo inayojulikana zaidi kwetu, hasa baada ya mwaka 2011 ilipogawiwa bure kwenye kaya zipatazo 880,000 magharibi mwa Kenya, mradi uliotegemea kurudisha fedha zake kwa kuuza hati za kupunguza hewa ya ukaa. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia hata virusi, haitaki umeme, na imekadiriwa lita 18,000. Kwa familia yetu ya lita 15 hiyo ni siku 1,200, zaidi ya miaka mitatu. Ukiinunua kwa 150,000, inatoka shilingi 8 na kitu kwa lita. Kwa karatasi, ni ushindi.

Kwa mkono, inategemea nani anaisukuma. Machujio haya yanaishi kwa kuoshwa kinyumenyume: maji safi yanarudishwa nyuma kwa nguvu yatoe uchafu ulionasa. Yako yanayotumia pampu ndogo ya kubinya, yako yanayotumia bomba la sindano, kama ya Sawyer. Ukiruka siku mbili, hakuna neno. Ukiruka wiki tatu, nyuzi zinaziba, na kipande hicho hakisuguliwi wala hakifunguliwi. Dada alinipigia Machi moja. "Kaka, kidude chako kimegoma." Alikuwa anamwaga maji ya ziwa moja kwa moja, ya kijani, yenye mchanga. Tukakaa kwenye simu nusu saa, yeye anabinya, mimi nahesabu. Kilirudi, lakini si kwa kasi ya mwanzo, na tangu hapo anaacha maji yatulie usiku mzima kwenye ndoo, anachota ya juu kwa kata, anapitisha kwenye kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne. Maji yakiwa machafu sana anatikisia shabu, tope linashuka. Mama mkwe wake anatumia mbegu za mlonge zilizotwangwa, na kazi ni ileile.

Hilo la kutuliza maji kwanza linahusu kila aina ya chujio humu. Ndoo moja ya ziada inaweza kuongeza maisha ya kipuri chochote, na hakuna duka litakalokuambia hivyo, kwa sababu ndoo unayo.

RO na taa ya UV

Mashine ya RO (kifupi cha "reverse osmosis") inasukuma maji kwa nguvu kupitia membreni, utando mwembamba unaozuia hata chumvi iliyoyeyuka. Kwa kisima changu cha Tegeta hakuna kingine katika makala haya kitakachosaidia: kauri, mchanga, nyuzi, klorini, zote zinakuachia chumvi yako yote. Kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, RO ni kuua inzi kwa nyundo.

Gharama zake zimejificha sehemu tatu. Kwanza vichujio vya awali, cha uchafu na cha mkaa, kwa kawaida kila miezi sita hivi. Usiviruke: klorini ya bomba huharibu membreni, na mkaa ndio mlinzi wake. Pili membreni yenyewe, miaka miwili mpaka mitatu ukiitunza. Tatu ni maji yanayotupwa. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita kama tatu ili kukupa moja. Hayo yaliyotupwa yafungie ndoo, yanafaa chooni na kudekia. Usimwagilie mchicha, yana chumvi zaidi ya yaliyoingia. Umeme ukikatika, na pampu inakatika.

Kitu kimoja kitakachoamua kama utaipenda mashine yako baada ya mwaka ni umbo la vipuri. Kuna zile zenye makopo ya inchi 10 ya kawaida na membreni ya kipimo kinachotumika dunia nzima, fundi yeyote anafungua kwa ufunguo wa plastiki na kuweka ya kampuni yoyote. Na kuna zile zenye vichujio vya kunyonga vyenye chapa, maridadi, vinavyokubali ndugu zao tu. Mashine mbili zinaweza kulingana bei siku ya kwanza. Mwaka wa tatu moja iko kazini, nyingine iko chini ya sinki.

Na wauzaji wanaopita nyumba kwa nyumba! Wana kifaa chenye vyuma viwili, wanakitumbukiza kwenye glasi ya maji yako, wanawasha umeme, maji yanageuka kahawia kama chai ya mkandaa. Halafu wanakitia kwenye maji ya RO, yanabaki meupe. Kahawia ile ni kutu ya vyuma vyao wenyewe: maji yenye madini yanapitisha umeme, vyuma vinaliwa. Ya RO hayapitishi. Hakionyeshi kijidudu hata kimoja. Mwambie muuzaji kwa upole kwamba ni mchezo mzuri, umfungulie geti.

Kalamu ya kupima chumvi, ile wanayoiita TDS, ni kitu kingine na inafaa kununua ukiwa na RO. Ni bei ndogo, na namba ikianza kupanda mwezi hadi mwezi unajua membreni inachoka. Ila kumbuka inapima madini tu. Maji ya dimbwi la mvua yanaweza kusoma namba ndogo na yakakulaza wodini.

Taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno unaoua vijidudu, nitaipita haraka. Inaua vizuri maji yakiwa meupe. Yakiwa na vumbi, kijidudu anajificha kwenye kivuli cha vumbi. Taa hubadilishwa karibu kila mwaka, kwa sababu inaendelea kung'aa hata nguvu ya kuua ikiwa imekwisha. Maji hayabaki na kinga yoyote baada ya kutoka. Nyumba yenye umeme wa kukatikakatika isiweke matumaini yake hapo.

Floraidi, ambapo watu hudanganyika zaidi

Kata ya Maji ya Chai iko jirani na kwa mama, na mto wenyewe una jina hilo. Maji ya ukanda ule yanapita kwenye miamba ya volkano, yanabeba floraidi kuzidi sana miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama kikomo. Meno yangu ya mbele yana rangi ya kahawia, na sikuwahi kuvuta sigara. Wengine madhara yamewafikia mifupani.

Sasa sikiliza: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaiongeza, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Mshumaa wa kauri hauigusi. Nyuzi haziigusi. Klorini haina habari nayo. Nimewahi kukuta duka Arusha mjini linauza mishumaa kwa maneno "huondoa madini yote". Ukisikia hivyo ondoka.

Kinachofanya kazi ni vitu vichache. RO, kwa gharama tulizoziona. Mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa chembechembe, maji yanapitishwa humo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na ng'ambo ya mpaka Dayosisi Katoliki ya Nakuru nayo imewahi kuwa na mradi wake. Rangi ya chembe inakuambia ubora: nyeusi ni nzuri, kahawia haikuiva, maji yatanuka, nyeupe imeungua kupita kiasi na nguvu imepungua. Malighafi yake ni mabaki ya machinjioni, kwa hiyo kipuri ni rahisi. Gharama halisi ni kupima. Mkaa wa mifupa unaposhiba hauzibi, haubadili ladha, haubadili rangi. Maji yanaendelea kutoka vilevile, na floraidi nayo inapita. Chujio lisilokuambia limekwisha linahitaji mtu wa kulipima, na mtu huyo ana nauli yake.

Kuna pia kazi ya Askwar Hilonga, mhandisi wa Arusha aliyeunganisha chujio la mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na kinachosumbua katika maji ya eneo husika. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Wazo ninalolipenda humo ni hilo la kuanza na maji ya mahali, halafu ndipo uamue cha kuweka ndani.

Kwa mama tulichagua kitu cha kizamani kuliko vyote. Mvua haina floraidi. Yeye na wajukuu wawili wanatumia kama lita 20 kwa siku za kunywa na kupikia, na kupikia usikusahau, maana maharage yanayotokota saa mbili yanakunywa mengi. Kiangazi cha kule kinaanza Juni mpaka Oktoba, kama siku 150. Mara 20 ni lita 3,000. Tangi la lita 3,000, mifereji kwenye bati, na kipande cha bomba cha kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yakiingia ndani yanapita kwenye mshumaa mmoja. Ya bomba anaogea na kufulia. Alipoona tangi limefika alisema, "Mwanangu, miaka yote hii maji mazuri yalikuwa yanadondoka barazani?"

Klorini na jua

Kwa bei ya kuanza, klorini haina mpinzani. WaterGuard, Aquatabs, chochote kilicho kwenye duka la dawa karibu nawe; kidonge cha miligramu 67 kwa lita 20, subiri dakika 30. Ni njia pekee humu inayobaki kwenye ndoo ikilinda dhidi ya kata chafu ya mtoto. Haifui dafu mbele ya maji ya tope, na kuna vijidudu kama kriptosporidiamu visivyoijali. Ladha inawashinda wengi. Ukiacha ndoo wazi chini ya kitambaa safi kwa saa chache inapungua.

Jua: chupa za plastiki za lita moja au mbili, maji meupe, saa sita juu ya bati, au siku mbili kukiwa na mawingu. Ni bure. Kwa watu sita ni chupa nyingi mno, utaishia kuwa mlinzi wa chupa.

| Njia | Kinachoisha | Kazi ya mkono | Kinachopita |
|---|---|---|---|
| Mshumaa wa kauri | mshumaa, wosha | kusugua | virusi, chumvi, floraidi |
| Chungu | chungu chenyewe | kuosha kwa uangalifu | kama mshumaa |
| Mchanga | hakuna | kuvuruga juu | baadhi ya virusi, chumvi, floraidi |
| Nyuzi (LifeStraw Family) | chujio zima | kuosha kinyume kila siku | chumvi, floraidi |
| RO | vichujio, membreni, pampu | kubadilisha kwa ratiba | kidogo sana |
| Mkaa wa mifupa | chembe | kupima | bakteria, virusi, chumvi |
| Klorini | kidonge | kuhesabu dakika | kriptosporidiamu, chumvi, floraidi |

Kwa anayebuni, na anayenunua kwa macho ya mbunifu

India wamelifikiria jambo hili mapema. Tata walitoa Swach mwaka 2009, chujio lisilo na umeme linalotumia majivu ya pumba za mpunga na chembe za fedha. Kiini chake kimekadiriwa lita 3,000, kikiisha kinafunga maji. Pureit, iliyoanzishwa na Hindustan Unilever, nayo inajifunga, katika toleo lake la kawaida baada ya lita 1,500. Kujifunga kunaudhi. Lakini kuna haki ndani yake: dawa ikiisha bila wewe kujua utakunywa vijidudu ukiamini uko salama, ni shida ileile ya mkaa wa mifupa. Linganisha na mshumaa, ambao ukichoka unaziba: kushindwa kwake ni kupunguza maji. Kwangu hapo ndipo penye ubunifu wa bei rahisi. Tafuta kitu kinachoshindwa kwa kukunyima maji, na ambacho unaweza kukirudisha kazini kwa mkono wako kabla ya kufungua pochi.

Ningebuni leo ningetenganisha vinavyochoka. Kauri ikae peke yake, mkaa ukae kwenye kikapu chake unachoweza kumwaga na kujaza, wosha ziwe za kipimo cha bomba la nusu inchi, koki iwe ile inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Mabrashi na sponji visiwe vya kampuni. Ndoo iwe ndoo. Na katika karatasi ya maelekezo, ukurasa wa kwanza uwe bei ya vipuri kwa miaka mitatu. Muuzaji akikataa kukuandikia bei hiyo, hapo umeshajibiwa.

Nyumbani kwangu sasa nina mishumaa miwili kwa maji ya bomba, na mashine ndogo ya RO ya makopo ya inchi 10 ambayo naiwasha wiki zile tu bomba likikauka. Ikikaa bila kazi, naipitisha maji kila baada ya siku chache yasinuke. Dada bado yuko na nyuzi zake, pamoja na vidonge kabatini kwa ajili ya masika. Juzi alinitumia picha ya koki inayovuja. Zamani ningewaza kipuri kupanda meli Mwanza mpaka Nansio. Nikamwambia apime kwa jicho, ni ya nusu inchi, aende kwa muuza misumari pale sokoni aombe wosha. Alirudi na mbili, shilingi mia tano, na moja ameitundika kwenye msumari juu ya ndoo.